Ningechora tatuu, ningeichora juu ya goti

Tangu Pasaka kuna swali moja linanifuata hadi kwenye daladala ya kwenda kazini Mtumba: ningechora nini mwilini, na ningechora wapi? Karibu kila ninayemuuliza huanza na mchoro. Simba, jina la mtoto, tarehe ya ndoa, mbuyu. Mahali huja mwishoni, kana kwamba ni suala la nafasi tu: mkono upo wazi, basi mkono. Mimi naona tunaanzia mwisho. Mahali pachaguliwe kwanza, mchoro ufuate.

Hili nimelipata kwa bibi yangu mzaa baba, mtu wa Mvumi. Alikuwa na kovu la duara katikati ya paji la uso, kama mnavyoliona kwa wazee wengi wa Kigogo. Utotoni niliamini ni chapa ya kabila, kwa kuwa ndivyo tulivyoambizana shuleni, kwamba Mgogo anajulikana kwa paji lake. Nilipokuwa darasa la sita nikamuuliza mwenyewe. Akanieleza kwamba alichomwa kwa chuma cha moto akiwa mdogo sana, macho yalikuwa yanamsumbua, yanachuruzika machozi mchana kutwa. Alama ikawekwa karibu na maumivu. Habari ya kutambulika kwa kabila ilikuja juu yake baadaye. Siitetei tiba ile; mtoto hachomwi kwa chuma, na nashukuru kwamba wajukuu wake hatukuguswa. Lakini jibu lake limebaki nami: alama yake ilikuwa pale kwa sababu ya jambo lililotokea pale.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Ötzi, yule mtu aliyekutwa mwaka 1991 ameganda kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Amekaa pale zaidi ya miaka 5,000. Ngozi yake ina alama 61, vistari vidogo vyeusi na misalaba, na nyingi zipo kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, sehemu ambazo viungo vyake vilikuwa vimechakaa. Hakuna mnyama aliyechorwa, hakuna jua wala nyota. Watafiti wengi wanadhani zilikuwa tiba. Niliposoma hayo nilimwona bibi amekaa kwenye kigoda chake, na yule mzee wa barafuni kando yake, wote wawili wamewekwa alama pale mwili ulipokuwa unalia.

Mimi sina jicho bovu wala goti linalouma. Kwa hiyo nilianza kutafuta mchoro kama watu wengine, na niliukaribia sana Kolo.

Kama hujafika Kolo, panda gari la Kondoa, upite mji, uendelee na barabara ya Babati. Michoro ile ya miambani iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuna pofu, kuna twiga, na kuna watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wa madini. Nilisimama mbele ya mmoja wao kwa muda mrefu hadi wenzangu wakaniita. Nikawaza: huyu, kwenye mkono wangu wa kulia, kutoka kiwiko hadi kiganja. Nilirudi Dodoma nikiwa nimeshaamua.

Kilichonibadilisha ni jambo dogo nililoliona siku ile ile. Michoro iliyobaki vizuri ni ile iliyo chini ya miamba iliyoinama mbele kama paa. Palipopigwa na mvua na jua, rangi imefifia. Waliochora walijua wanachora wapi, au angalau tunachokiona leo ni kazi ya wale waliopata mahali pazuri. Ukimtoa yule mtu mwembamba kwenye mwamba wake ukamweka kwenye mkono wangu, unaochomwa na jua la Dodoma kila siku, umempokonya kile kilichomlinda. Tena mapango yale yana wenyewe. Hadi leo wapo wenyeji wanaokwenda Mungumi, moja ya mapango hayo, kwa maombi na tambiko. Sikuona sababu ya kumbeba mtu wao.

Ngozi nayo ina masharti kama mwamba. Sindano huuweka wino kwenye tabaka la pili, chini ya lile linalobanduka na kuzaliwa upya kila mara, ndiyo maana haufutiki kwa kuoga. Jua huufifisha. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu, mstari mweusi mnene husomeka miaka mingi, wakati rangi ya njano na nyingine hafifu humezwa. Na sisi tuna habari ya makovu yanayovimba: dada yangu alitoboa masikio, ndewe moja ikaota uvimbe mkubwa kama punje ya harage. Makovu ya namna hiyo hupenda kifua, mabega na ndewe. Kwa hiyo bega, ambalo kila mtu hunishauri, kwangu limefungwa.

(Sindano iwe mpya, ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Homa ya ini na VVU havijali mchoro ni mzuri kiasi gani.)

Sasa niseme ninapopataka. Mama yangu alipiga muheme ujana wake wote, na bado hupiga akiitwa. Kwa asiyejua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpigaji anaibana ngoma kati ya mapaja akiwa amesimama, mikono yote miwili inapiga, na mwili mzima unakwenda nayo. Wageni huangalia mikono. Mimi niliyekua nikimwogesha miguu mama kila aliporudi na vumbi naijua sehemu nyingine: upande wa ndani wa mapaja, ngozi yake imekuwa nyeusi zaidi na ngumu kidogo, sugu mbili zinazotazamana. Ngoma imemwandika. Hakulipa mtu, hakuchagua umbo.

Pale ndipo ninapopataka. Mistari miwili minene iliyopinda, mmoja kila paja, ile mikunjo miwili ya ubavu wa ngoma iliyobonyea katikati. Nikitembea ni mistari tu. Nikikutanisha miguu, ngoma inatimia. Jua halifiki, bosi haoni, na anayesema binti wa watu amejiharibu atakuwa amesikia tu.

Yapo mambo mawili ambayo siwezi kuyapita. La kwanza ni vijana. Mpwa wangu anataka kujiunga na polisi, na matangazo ya ajira za jeshi hilo humkataa mwenye mchoro mwilini, popote ulipo. Kwake hoja yangu ya mahali haina kazi, na nimemwambia asiguse sindano. La pili ni imani. Mama ni Mwanglikana wa kwaya, na Walawi 19:28 anaijua kwa kichwa. Nami naijua. Mstari unakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu, tena unakataza kuandika alama miilini, na sitaki kuupinda ili uniachie njia. Ninachoweza kusema mbele za Mungu ni kwamba ninayetaka kumwandika yu hai, na nilitaka asikie kutoka kwangu.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nikamweleza, baada ya ibada, tukichambua mlenda. Alikaa kimya mpaka mboga ikaisha.

"Mwanangu, hiyo ngoma umeshawahi kuibana wewe?"

Nikasema nilijaribu utotoni, ikaniangukia.

Akanyanyuka, akaitoa chumbani, akanisimamisha uani na kunifunga khanga vizuri. Akaibana ngoma kati ya miguu yangu, akanisukuma magoti yaingie ndani, akaniambia nipige. Nilipiga vibaya. Akaniacha nipige vibaya mpaka mapaja yakaanza kutetemeka na ngoma ikateleza, ikatulia chini kidogo. Hapo akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko, akapandisha khanga, akaweka alama mbili.

"Si kule juu ulikofikiri. Ni hapa na hapa."

Hakusema nichore, hakusema nisichore. Mkaa ulitoka nilipooga jioni, lakini kabla ya kuoga nilipima: vidole vinne juu ya goti, upande wa ndani, na wa kushoto umeshuka kidogo kuliko wa kulia.