Miaka thelathini msituni? Msitu gani?

Kila ikifika 16 Januari, siku aliyopigwa risasi Laurent Kabila, aliyekuwa rais wa Kongo, makundi ya WhatsApp hujaa picha zake. Mwaka huu ndugu mmoja kaandika: "Mzee alilala msituni miaka thelathini kwa ajili yetu." Watu wakajibu amina. Mimi hapana.

Msitu gani? Wa Dar es Salaam, alikokuwa akiishi?

Aprili 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi aliyetoka Cuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo, akijiita Tatu, kuja kuwasaidia wapiganaji wa Kabila walioasi serikali. Alimsubiri. Akamsubiri. Mzee akatokea Julai, akakaa siku chache, watu wakachangamka, kisha huyo, kavuka tena kurudi upande wetu wa Tanzania. Novemba Che na Wacuba wake walifungasha virago, vita vimewashinda. Che aliandika waziwazi jinsi kamanda huyo asiyeonekana alivyomchosha.

Che huyohuyo anasimulia jinsi wapiganaji walivyokataa kubeba mizigo, wakisema wao si motokari. Wengi husoma hapo wakacheka. Mimi siwacheki hata kidogo. Kutoka ufukweni mpaka kambini juu ni mlima wa kukata pumzi, nawe una njaa, umeaminishwa kwamba dawa ya mganga itageuza risasi kuwa maji, na mwenzako aliyeiamini umeshamzika. Kamanda wako yuko ng'ambo anakula samaki. Ungebeba? Mkubwa aliyekubali kuishi nao alikuwa Leonard Mitoudidi, akaanza kuweka mambo sawa, akafa maji ziwani Juni hiyohiyo. Picha yake sijawahi kutumiwa na mtu.

Haya, nakubali kwa shingo upande: wenzake wengi walirudi kula na Mobutu, dikteta wa Kongo aliyeibadili jina kuwa Zaire, yeye hakurudi. Mwaka 1967 alianzisha PRP, chama chake cha waasi, na kule Fizi, mashariki mwa Kongo, bendera haikushuka. Lakini waliokaa chini yake miaka yote ni wakulima wa Fizi, wanaolima na kuchimba dhahabu huku wakikimbia jeshi la Zaire. Kiongozi alikuwa wa kuja na kuondoka, na mwanawe Joseph akasoma shule za Tanzania. Sisi wa Kigoma tulilipwaje? Mei 1975 watu wake walivuka usiku hadi Gombe, hifadhi yetu ya sokwe, wakateka wanafunzi wanne wa kigeni, wakadai fedha na silaha. Asante ya ujirani hiyo.

Mtaniambia: lakini alimng'oa Mobutu! Jamani. Rwanda na Uganda zilitoa majeshi, na kadogo, watoto kabisa, wakatoa miguu. Walitembea na gambuti zao kutoka mashariki mpaka Kinshasa, wakaingia 17 Mei 1997. Mzee alifika siku tatu baadaye, kwa ndege kutoka Lubumbashi.