Saa 72 na barabara ya kutoka Masisi

Katika maadhimisho ya mwisho ya Siku ya UKIMWI Duniani niliketi kwenye mkutano ambao ukuta wake wa mbele ulikuwa na bango kubwa lililosema kwamba kinga imo mikononi mwa kila mmoja wetu. Mtoa mada aliwaeleza akina mama waliokimbia vita vya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, habari za kusubiri, uaminifu na kondomu. Walimsikiliza kwa adabu, na hakuna aliyeuliza swali. Nilitoka nje kabla ya chai, kwa sababu baadhi yao niliwafahamu, na niliyafahamu yaliyowapata walipokwenda msituni kutafuta kuni.

Kinga gani imo mikononi mwa mwanamke aliyeshikiwa bunduki? Nakubali kwamba elimu ya kondomu ina nafasi yake hata kambini, ambako vijana hupendana kama vijana wa popote. Lakini mahali ambapo ubakaji umekuwa silaha ya vita, kinga ya VVU ni suala la saa. Dawa za kuzuia maambukizi zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe kwa siku 28 bila kukatiza. Zikicheleweshwa, virusi vinakuwa vimekwisha kujijengea makao mwilini, na hapo hakuna tena cha kuzuia.

Mwaka 2023, katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani magharibi mwa Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, pale mahema yalipopigwa juu ya mawe makali ya volkano, nilimpokea mama mmoja aliyetoka upande wa Masisi, wilaya ya mkoa huohuo. Alikuwa katika siku ya tano tangu abakwe. Siku ya pili alikuwa amefika kwenye kituo cha afya njiani, akaambiwa alete kwanza karatasi ya polisi. Aliponisimulia hakulia, alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. "Dada," aliniambia, "polisi wa kwetu walikimbia kabla yetu." Alitibiwa magonjwa mengine ya zinaa na kuchanjwa, lakini kidonge cha kuzuia VVU, ambacho siku ya pili kingeweza kumwokoa, hakikuwa na kazi tena.

Mwaka huo wa 2023 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwahudumia zaidi ya manusura 25,000 wa ukatili wa kingono nchini Kongo, yaani zaidi ya wawili kwa kila saa, na wengi mno walikuwa wa Kivu Kaskazini. Hao ni wale waliofika. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema, kwamba dawa hizi zinapaswa kulala pale wanapolala watu: kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kwa mkunga, kwa mama anayeaminiwa kambini. Wala karatasi ya mtu yeyote isidaiwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kesi inaweza kusubiri, virusi havisubiri. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa Julai 2024, limependekeza dawa hizi zitolewe katika jamii, hata na wahudumu wasio madaktari.

Najua kuna wataalamu wanaohofia kwamba dawa zitaharibika, zitaibwa au zitatumiwa vibaya, na sitasema hofu hiyo haina msingi wowote. Lakini kidonge chenyewe, chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia kwa pamoja, ndicho kilekile wanachomeza kila siku maelfu ya watu wanaoishi na VVU. Kinshasa, tangu mwaka 2010, wenye virusi wenyewe wamekuwa wakigawiana dawa katika vituo vyao vya mitaani. Kama inawezekana Kinshasa, kwa nini mama wa Masisi atembee siku mbili?

Kuna na wale waliokuwa tayari wakitumia dawa vita vilipowakuta. Wakikimbia bila chupa zao za dawa, virusi vilivyokuwa vimefubazwa huamka, na uwezo wa kuambukiza hurudi. Kuna wajawazito wanaojifungulia njiani bila kupimwa. Kila moja ya haya lingestahili makala yake. Na Januari 2025, mwezi uleule waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo sehemu kubwa ya mapambano haya iliitegemea.

Mwanamke mwingine, aliyefika mapema, alikuja kunionyesha jinsi anavyoficha dawa zake. Chupa ilikuwa ikilia kila inapoguswa, na majirani wangeuliza, basi alivihamishia vidonge katika kitambaa na kukizika ndani ya mfuko wa maharagwe. Kila asubuhi, akishameza, alitupia punje moja kwenye kopo ili asipoteze hesabu. Kopo lilikuwa na punje 11 kambi zilipoanza kuvunjwa Februari 2025 na watu wakaamriwa kurudi walikotoka. Alirudi Masisi kwa miguu, vidonge 17 vikiwa vimefungwa kwenye pindo la kitenge, kwa sababu muuguzi mmoja alikataa kumpa dawa za wiki moja moja, akamhesabia zote 28 siku ileile ya kwanza.