Debe la Petroli na Kikosi cha 26

Wazee wa pwani waliita eropleni "ndege Ulaya". Jina hilo limepotea midomoni, lakini debe lipo. Masoko ya Tanga bado yanapima mahindi kwa debe, na wengi hawakumbuki kwamba chombo hicho kilizoeleka kama kopo la bati la mafuta, galoni 4, yaani lita 18. Naamini historia ya Kikosi cha 26 cha ndege za kijeshi za Uingereza, kilichopigana huku katika Vita Kuu ya Kwanza, inafaa ianzie kwenye bati hilo. Masimulizi mengi huanza na majina ya marubani na aina za ndege, kisha huruka Handeni na Korogwe kana kwamba ndege zile zilijilisha zenyewe.

Kikosi kiliundwa Netheravon, Uingereza, tarehe 8 Oktoba 1915. Watu wake wa mwanzo walikuwa Waafrika Kusini waliotoka kurusha ndege katika vita vya nchi inayoitwa leo Namibia, na mkuu wao alikuwa Meja Gerard Wallace. Tarehe 31 Januari 1916 waliteremka Mombasa. Uwanja wao wa kwanza ulikuwa Mbuyuni, upande wa Taveta, na kutoka hapo walifuata jeshi la Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani, kushuka na reli ya Usambara na bonde la Pangani. Korogwe ilichukuliwa katikati ya Juni, Handeni tarehe 19 Juni, Tanga 7 Julai, Bagamoyo 15 Agosti.

Walikuja na ndege za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu. BE2c ilikuwa mbao na kitani: mifupa ya mbao iliyounganishwa kwa gundi na kukazwa kwa waya, juu yake kitambaa kilichopakwa dawa ya kukivuta kiwambike kama ngozi ya ngoma. Kwa hewa yetu hiyo ni balaa. Mchana jua hukausha mbao, usiku umande huzilowesha. Gundi huachia, bawa hupinda kidogo, na upindo wa vidole viwili tu watosha kuifanya ndege ivute upande mmoja safari nzima. Kitani nacho hulegea. Fundi alilazimika kupitia waya moja moja kila asubuhi, akaze hapa, alegeze pale, mpaka mabawa ya kushoto na kulia yalingane. Propela ilikuwa ya mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, na tabaka zikianza kuachana hakuna dawa ila kuibadilisha. Aina ya pili, Henri Farman, yenye mifupa ya bomba za chuma, ilivumilia zaidi. Kwa nchi hii ndiyo iliyokuwa chaguo la busara, hata kama sura yake ilikuwa ya zamani.

Sasa turudi kwenye debe. BE2c ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 90, silinda 8, ya kupozwa kwa upepo. Tuseme ilikunywa lita 35 hivi kwa saa: hayo ni madebe mawili, ambayo yalisafirishwa ndani ya kasha moja la mbao. Kasha hilo, ukijumlisha bati na mbao, lina kilo 30 hivi, mzigo wa mtu mmoja na bado ni mzito kuliko desturi. Safari ya angani ya saa 3 ni makasha 3, wapagazi 3. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 hivi, mwendo wa siku 4 kwa mtu mwenye mzigo, kisha arudi. Kila mmoja anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku, na kwa wiki nzima wale watatu wanakula mzigo wa mpagazi wa nne. Watu wanne, wiki nzima, kwa saa 3 za ndege moja. Lori zilikuwepo, ndiyo, ila mvua ikinyesha zilinasa kwenye tope na mzigo ukarudi kichwani. Mtaa wa Kariakoo pale Dar es Salaam umerithi jina la Carrier Corps, jeshi la wapagazi hao, na idadi ya waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria ni aibu ambayo haijalipwa.

Tena hayo mafuta yalifika pungufu. Bati lilikuwa jembamba, lehemu ya maungio ikapasuka kwa misukosuko, na petroli ikavuja au ikageuka mvuke juani. Kopo lililobaki nusu huota unyevu ndani usiku. Tone la maji likifika kwenye kabureta, injini hukohoa, na kwa kawaida hukohoa wakati ndege inaacha ardhi, pale pasipo na nafasi ya kurudi. Ndiyo maana mafundi walimimina petroli kupitia ngozi laini: petroli hupita, maji hubaki juu. Kazi ya polepole, lakini ukiiharakisha unaua watu wawili.

Uwanja wenyewe ulikatwa kwa panga na jembe. Visiki ving'olewe, vichuguu visawazishwe, mashimo ya ngiri yafukiwe na kushindiliwa, kwa sababu gurudumu likizama shimoni ndege hupiga pua na propela huvunjika. Handeni iko mita 700 hivi juu ya bahari. Kwenye joto la nyuzi 30 hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ile ya kawaida ya Ulaya usawa wa bahari. Injini inapungukiwa nguvu, na bawa linadai mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinuka. BE2c, hata kwao Ulaya, ilihitaji zaidi ya dakika 40 kufika mita 3,000. Ndiyo sababu kuondoka alfajiri, kabla jua halijapanda, ni hesabu na si mazoea.

Na walipokwisha kupanda, waliona nini? Mara nyingi vichaka. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walijua kukaa chini ya miti, kuzima moto na kutembea usiku. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema ndege zile hazikufaa. Ramani za wakati ule zilikuwa na nafasi tupu, na mchoro wa njia au kivuko cha mto uliotoka angani uliokoa siku nyingi za kubahatisha. Kumbuka Novemba 1914: Waingereza waliteremka Ras Kasone bila hata ndege moja ya kuwaonyesha nani anawasubiri mjini Tanga, na tunajua kilichowapata: kipigo.

Kikosi kiliondoka mapema 1918 na kikavunjwa Julai mwaka huo. Kilifufuliwa 1927. Kwenye nembo yake kuna kichwa cha springbok, swala wa Afrika Kusini, na kaulimbiu ya Kiafrikaans yenye maana ya mlinzi angani. Mwaka 1944, kwa ndege za Spitfire, kilielekeza mizinga ya meli kule Normandy, pwani ya Ufaransa, na kwangu hiyo ni kazi ileile ya 1916: kuwa jicho la wengine. Miaka yake ya kuwa kikosi cha kivita hasa, kwa Tempest, Vampire, Sabre na Hunter, ilipita Ujerumani bila vita, hadi Desemba 1960.

Kisha kilirudi huku. Maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la nchi, yalipozuka Januari 1964 na Mwalimu Nyerere akaomba msaada, meli ya kivita ya Uingereza, Centaur, ilitoka Aden ikiwa na makomandoo, na ndani yake zilikuwemo helikopta za Belvedere za Kikosi cha 26. Belvedere nayo ilikuwa na ugonjwa wake: injini ya mbele ilikaa nyuma ya kibanda cha rubani, na kimiminika cha kuiwashia, isopropili nitreti, kilishika moto kwa urahisi kikivuja. Tarehe 25 Januari makomandoo walishuka kwa helikopta kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo.

Ndani ya boma la zamani la Tanga kuna makumbusho. Ningependa kuona humo ukuta mmoja wa habari hii: ramani ya Mbuyuni hadi Handeni, kipande cha kitani kilichowambwa kwenye mbao, na kasha moja la madebe mawili, lijazwe maji mpaka juu, mwanafunzi aruhusiwe kujaribu kujitwisha kichwani.