Waya wa printa haununuliwi kwa rangi

Kuna waya wa USB unaouzwa sana siku hizi: umevikwa uzi wa nailoni wa rangi mbili, vichwa vinang'aa dhahabu, na muuzaji anaukunja mbele yako kuonyesha kwamba haukatiki. Kwa macho ni mzuri. Ila uzi ule wa nje kazi yake ni kuzuia mikwaruzo tu, na ile dhahabu, kama ni dhahabu kweli, inazuia kutu kwenye pini. Kelele za umeme, yaani mawimbi yanayotoka kwenye ekstensheni na mashine za jirani na kuvuruga data ndani ya waya, haziogopi kimojawapo. Tunalipia mapambo, halafu printa ikianza kukata mawasiliano katikati ya kazi tunamwita fundi aje apige Windows upya.

Chukua waya wa zamani usio na kazi, uuchane kwa wembe. Wa USB 2.0 una nyaya nne ndani: nyekundu inabeba volti 5, nyeusi inarudisha umeme, kijani na nyeupe zinapitisha data. Kwenye waya wa hovyo zote nne zimelazwa sambamba chini ya plastiki, basi. Kwenye waya wa maana, kijani na nyeupe zimesokotana, zote nne zimezungushiwa karatasi ya alumini, na juu ya alumini kuna wavu wa nyuzi nyembamba za chuma uliosukwa ukabana. Kule kusokotana si urembo. Kelele ikizifikia nyaya mbili zilizosokotana inazigusa karibu sawasawa, na kwa kuwa kifaa kinasoma tofauti iliyopo kati yao, sehemu kubwa ya kelele inajifuta yenyewe. Inayobaki ni kazi ya alumini na wavu, mradi viwe vimeungwa vizuri kwenye chuma cha kichwa, huku na huku.

Mwenye mita ya fundi umeme, ile inayolia umeme ukipata njia, anaweza kupima kati ya chuma cha kichwa kimoja na cha kingine. Isipolia, wavu haupo au haujaungwa. Ikilia, usishangilie mapema, maana wapo wanaounga chuma hicho kwenye waya mweusi na kuishia hapo.

Utaniambia waya wako wa bei poa una miaka na printa inachapa. Naamini. Data ya printa na ya diski hukaguliwa njiani, ikifika imeharibika inatumwa tena, kwa hiyo waya mbovu unajificha: kazi inakwenda taratibu, na siku moja moja inakwama bila sababu. Maikrofoni ya USB haina huruma hiyo. Sauti inakwenda kwa wakati wake, kipande kilichopotea hakirudiwi, na unasikia "tik, tik" kwenye rekodi. Anayerekodi mawaidha, kwaya au podikasti ndiye wa kwanza kutumia pesa kwenye waya wenye wavu. Anayechaji simu anunue wowote usiopata moto.

Na tuangalie tunapofanyia kazi. Kwenye vibanda vyetu vingi vya fotokopi, waya wa printa umepita chini ya meza, umekumbatiana na ekstensheni, mashine ya lamineshini iko pembeni na feni juu yake. Ukuta wa pili kuna mchomeleaji wa mageti. Hapo hata kabla ya kununua chochote, tenganisha waya wa data na ekstensheni. Kisha fupisha. Mita tano ndiyo mwisho wa kawaida wa waya wa USB 2.0, na mimi sioni sababu ya mita tatu kwa printa iliyo juu ya meza hiyo hiyo.

Dukani, soma maandishi madogo yaliyopigwa kwenye ganda la waya. AWG ni kipimo cha unene wa waya. 28AWG/1P maana yake jozi moja ya data iliyosokotwa. 24AWG/2C ni nyaya mbili za umeme, na namba ikipungua waya unanenepa. Maandishi nayo huigizwa, lakini waya usioandikwa kitu kabisa mimi naurudisha kwenye rafu. Lile donge jeusi karibu na kichwa lina feraiti, kitu kama kauri chenye chuma ndani yake. Linapunguza kelele inayosafiri juu ya waya, ila halichukui nafasi ya wavu.

Kuna kisa kingine ambacho watu hulaumu betri. Unachomeka diski ya USB 3.0, mara mause isiyo na waya inaanza kurukaruka. Intel walilieleza hili mwaka 2012: mawasiliano ya USB 3.0 yanamwaga kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo mause nyingi za aina hiyo huyatumia. Waya wenye wavu mzuri unapunguza, lakini kelele nyingine inatoka kwenye tundu na kwenye diski yenyewe. Hamishia kipokezi cha mause upande wa pili wa laptopu, au kichomeke kwenye kipande cha waya wa kuongezea urefu kikae mbali na diski, kabla hujaenda kununua betri.