Breki Zilikuwa Nzima, Kilichokosekana ni Mguu

Jeep ya jeshi ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ni gari lisilo na milango wala ufunguo wa maana, lenye tangi la petroli chini ya makalio ya dereva na vijiti vitatu sakafuni, kila kimoja na kazi yake. Ya kwangu niliinunua kwenye jineri ya pamba iliyokufa, kuku wakitagia kiti cha nyuma, nami nikatumia muda mrefu kuliko ninaothubutu kumweleza mke wangu nikisugua kutu ili kutafuta herufi F kwenye vichwa vya bolti, kwa sababu Ford, waliosaidiana na Willys kuunda zaidi ya jeep 600,000 za vita hivyo, walipenda kugonga F hata kwenye vipuri vidogo. Nilipozikuta nikaipaka rangi ya kijani, nikachora nyota nyeupe, na mtaa mzima ukaanza kuniita Jenerali.

Mpwa wangu alipooa, akataka picha akiwa ndani ya jeep hiyo ufukweni, hapa hapa Mwanza mjini, Jiwe la Bismarck likionekana nyuma yake. Asubuhi ya harusi fundi akagundua kwamba krosi ya propela ya nyuma, yaani kiungo cha ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, imekufa. Akaifungua propela yote, akapanda bodaboda kwenda kutafuta krosi nyingine, akituhakikishia kwamba gari litavutwa na magurudumu ya mbele bila taabu. Na kweli lilivutwa, tena kwa madaha.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Handibreki ya jeep hizi haishiki magurudumu, bali inashika mhimili unaotoka kwenye giaboksi ndogo kwenda nyuma. Propela ya nyuma ikiwa haipo, kinacholizuia gari mteremkoni ni kijiti kimoja tu, kile kinachounganisha magurudumu ya mbele. Ukikitoa hicho, hata kama umeingiza gia ya kwanza na kuvuta handibreki mpaka mkono ukafa ganzi, gari liko huru kama ng'ombe aliyekata kamba. Nilimwonyesha mpwa wangu kijiti chenyewe, nikamwambia, "Mjomba, hiki usikiguse." Akajibu, "Sawa, mjomba."

Basi tukaliegesha kwenye mteremko, maharusi wakakaa, mpiga picha akarudi nyuma, akakunja jicho moja na kusema, "Bwana harusi, shika gia kama unaendesha." Kati ya vijiti vitatu, alishika kile kile.

Jeep ikaanza kushuka taratibu, kwa heshima zote, kuelekea ziwani. Breki za mguu zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mguu, kwa kuwa bwana harusi, kwa kukosa mlango wa kumchelewesha, alikuwa amekwisha kuruka na kusimama pembeni akirekebisha tai. Bibi harusi alibaki peke yake na shela lake. Kwa vile gari lina usukani upande wa kushoto, naye alikaa kulia, mahali ambapo kila Mtanzania anajua kwamba hukaa dereva, umati mzima ukawa unampigia kelele yeye: "Kanyaga breki! Kata kona!" Binti wa watu akakanyaga sakafu kwa viatu vyote viwili, akatafuta usukani kifuani pake, asiuone.

Maji yalipofika kwenye vitovu vya magurudumu, jeep ikatulia. Bibi harusi hakulowa hata pindo la gauni, ila alitangaza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mitumbwi kwamba hashuki mpaka aliyeruka aje kumbeba. Bwana harusi akaingia ziwani na suti ya kukodi, vigelegele vikapigwa kuliko vya kanisani, na mpiga picha, ambaye mpaka leo anadai kwamba ndivyo alivyopanga, akapiga picha ambayo sasa imetundikwa sebuleni kwao.

Wavuvi wakafunga kamba, wakaanza kwanza kujadiliana bei, wakisisitiza kwamba chombo kikishaingia majini kinalipiwa kama mtumbwi. Tukiwa bado tunabishana, bodaboda ikasimama, fundi akashuka na krosi mpya mkononi, akalitazama gari, akakunja suruali na kuniuliza, "Mzee, propela niifungie huko huko?"