Wifi yangu na vivimbe visivyotolewa

Wifi yangu alikuja kwangu hapa Mwanga, karatasi ya altrasaundi kaifunga kwenye pindo la khanga, palepale anapoweka hela ya dagaa. "Wifi, wameona vivimbe kibao, pande zote mbili. Si wavitoe tu nizae?" Kumbe kaka ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chao, wapate hela ya upasuaji.

Mimi nalilaumu hilo neno "vivimbe". Kwenye PCOS, yaani tatizo la homoni linalozuia mayai kupevuka kwenye ovari, vile vidoti vya kwenye picha ni vifuko vya mayai yaliyoanza kukua yakagota njiani kwa sababu homoni zimevurugika. Yai halipevuki, siku zinaruka miezi. Hata ungevitoa vyote leo, vurugu iliyovileta ingebaki palepale.

Upasuaji upo, siukatai. Mwaka 1935, kule Chicago, madaktari Stein na Leventhal waliandika habari za wanawake 7 waliofunguliwa tumbo na kukatwa kipande cha ovari. Wote siku zao zikarudi, wawili wakashika mimba. Tatizo ni kwamba kukata vile kuliacha makovu, na makovu yakinasa mirija umeongeza ugumba juu ya ugumba. Mwaka 1984 daktari Gjönnaess wa Norwei akaeleza njia nyingine: kamera inapitishwa kwenye tundu dogo tumboni, ovari inachomwa vitundu vichache, siku hizi mara nyingi vinne kila upande. Hakuna uvimbe unaotolewa hapo. Kinachotafutwa ni kupunguza homoni za kiume ambazo ovari inazitengeneza kupita kiasi, yai lipate kupevuka.

Ila kuchoma huku kunasubiri zamu yake. Kwanza vidonge vya kupevusha mayai, letrozoli kabla ya vingine, na kwa mwenye mwili mkubwa, kupunguza hata kilo chache kunaweza kurudisha siku. Vikishindikana, hapo tuongee kamera. Uzuri wake haina mapacha wengi kama baadhi ya dawa. Lakini daktari akichoma kupita kiasi, akiba ya mayai inapungua, na hiyo haijazwi tena.

Halafu nikamuuliza, "Na kaka amepimwa?"

"Anasema yeye mzima."

Mzima kwa kipimo gani? Kiwanja kiuzwe, mke akachomwe ovari, na kikombe cha kupimia mbegu hakijaguswa! Nikampigia palepale. Aliposikia neno mbegu tu, akasema yuko Kibirizi, mtandao unasumbua.