Albamu Mpya za Wakongwe wa Roki Zisikilizwe kwa Utulivu

Wapenzi wengi wa roki ninaowafahamu hapa Kisumu huisikiliza albamu mpya ya mwanamuziki mkongwe mara moja tu, tena kwa haraka, kisha hurejea kwenye nyimbo zake za miaka ya 1960 na 1970. Sababu wanayoitoa ni kwamba sauti imechakaa. Mimi naamini kwamba sauti hiyo iliyochakaa ndiyo hasa inayostahili kusikilizwa, na kwamba albamu ya mzee huharibika pale tu anapojitahidi kuuficha umri wake.

Ichukuliwe Hackney Diamonds ya The Rolling Stones, iliyotoka Oktoba 2023. Ilikuwa albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya walizotunga wenyewe tangu A Bigger Bang ya mwaka 2005, na mwimbaji wao, Mick Jagger, alikuwa ametimiza miaka 80. Nyimbo kadhaa za mwanzo, kwa maoni yangu, zimepigwa msasa kupita kiasi: kila nafasi imejazwa, na hakuna mahali pa msikilizaji kupumua. Hali hubadilika anaposikika mpiga ngoma wao, Charlie Watts, ambaye alifariki Agosti 2021 lakini alikuwa amekwisha kurekodi ngoma za nyimbo mbili zilizoingizwa humo. Katika mojawapo, Live by the Sword, Bill Wyman, aliyeiacha bendi miaka mingi kabla, amerudi kupiga besi. Uzuri mkubwa zaidi, hata hivyo, umewekwa mwishoni kabisa, ambako Jagger na mpiga gitaa Keith Richards wamebaki wawili tu na gitaa na hamonika, wakiimba ule wimbo wa bluzi wa Muddy Waters ambao bendi ilipata jina lake kwao. Hapo hawajaribu kuwa vijana, na ndipo ninapowaamini.

Bob Dylan alilielewa jambo hili mapema zaidi. Alipotoa Rough and Rowdy Ways mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 79, sauti yake haikuweza tena kupaa, kwa hiyo aliifanya isimulie. Murder Most Foul, unaohusu kuuawa kwa Rais John F. Kennedy mwaka 1963, unachukua karibu dakika 17, na rafiki zangu wanalalamika kwamba hauna kiitikio cha kushika. Lakini watu wa huku tunawajua wapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, ambao huketi wakataja majina ya watu na mahali kwa muda mrefu, na hakuna anayewaharakisha. Sioni kwa nini subira hiyo hiyo tumnyime Dylan.

Subira inahitajika pia kwa The Cure, bendi ya roki ya Uingereza. Katika Songs of a Lost World ya Novemba 2024, iliyotoka miaka 16 baada ya albamu yao iliyotangulia, ala hupigwa kwa zaidi ya dakika tatu katika wimbo wa kwanza kabla mwimbaji wao, Robert Smith, hajafungua kinywa. (Benga, muziki wetu wa magitaa, hufanya kinyume chake: mwimbaji humaliza maneno yake kwanza, ndipo magitaa yanapoachiwa uwanja.) Anayeusikiliza wimbo huo ndani ya matatu yenye kelele, kupitia spika ya simu isiyotoa besi, hajausikia. Vivyo hivyo, anayeiruhusu programu ya simu kuchanganya nyimbo ameupoteza mpangilio ambao msanii aliufikiria kwa makini.

Sidai kwamba albamu hizi zinazipita kazi za ujana wao, wala hakuna haja ya ushindani huo. Kijana wa miaka 25 hawezi kuimba kuhusu kuwazika wenzake kwa namna anavyoweza mtu aliyewazika. Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Kanada, alitoa albamu ya You Want It Darker Oktoba 2016, akiwa na miaka 82, akafariki mwezi uliofuata. Mwanawe, Adam, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, na sauti ya baba imeshuka hadi karibu kuwa mazungumzo, huku kwaya ya sinagogi ya Montreal ikimwitikia. Anayetaka kuanza ningemshauri aanze na hiyo, kwa kuwa ina takriban dakika 36 tu na haina wimbo wa kujazia nafasi. Ya Dylan aitengee jioni nzima.